Mizani moja, obijekti ngapi? Lini utumie singletoni, lini moduli

Chukua programu ya kupokea mazao. Gunia la alizeti linapandishwa mizani pale sokoni Kibaigwa, Dodoma, kilo zinasomwa, ushuru unakokotolewa, risiti inatoka. Humo ndani mna vitu vitatu ambavyo kila mwandika programu hutaka viwe kimoja kimoja: viwango vya ushuru, mizani yenyewe, na mfululizo wa namba za risiti. Aliyefundishwa Java chuoni huviandikia klasi tatu za singletoni, yaani klasi inayojizuia kuwa na obijekti zaidi ya moja. Aliyejifunza Python kwa kujitegemea huvirundika vyote kwenye moduli, yaani faili moja la Python, vigeu juu, fanksheni chini. Programu zote mbili zitakwenda vizuri siku ya kuonyeshwa. Zitaanza kuharibika msimu ukikolea, na kila moja itaharibikia mahali pake.

Vitu hivyo vitatu havifanani. Viwango ni vya moduli. Mizani ni klasi ya kawaida kabisa, obijekti yake ikiundwa mara moja pale programu inapoanzia, kisha ikakabidhiwa kwa kila anayeihitaji. Namba za risiti si za moduli wala za singletoni. Ni za kanzidata. Mifano yote hapa ni ya Python 3.9 na kuendelea.

## `import` hufanya nini hasa

Ukiandika `import viwango` kwa mara ya kwanza, Python hulitafuta faili `viwango.py`, huunda obijekti ya moduli, huisajili kwenye kamusi iitwayo `sys.modules`, halafu hulitekeleza faili lote toka mstari wa juu hadi wa chini. Mara ya pili, hata ukiita kutoka faili jingine, hailisomi tena. Huchukua ile ile iliyokwisha kusajiliwa. Jaribu:

```python
# viwango.py
print("nasoma viwango, jina langu:", __name__)
USHURU_ASILIMIA = 3        # mfano tu; weka kiwango cha halmashauri yako
BEI_ALIZETI = 950          # shilingi kwa kilo, mfano tu
```

Fungua Python, andika `import viwango` mara mbili. Ujumbe utatoka mara moja tu. Kwa hiyo moduli tayari ni kitu kimoja ndani ya mchakato mzima (programu moja inayoendeshwa), na hukuandika chochote kuilazimisha. Hata kufuli ipo: nyuzi mbili (kazi zinazokwenda sambamba ndani ya mchakato mmoja) zikiiingiza kwa pamoja, moja husubiri nyingine imalize.

Sasa tazama singletoni ya mkono, kama inavyoandikwa mara nyingi:

```python
class Mizani:
    _moja = None

    def __new__(cls, *args, **kwargs):
        if cls._moja is None:
            cls._moja = super().__new__(cls)
        return cls._moja

    def __init__(self, poti="/dev/ttyUSB0"):
        self.poti = poti
        self.uzito_wa_chaga = 0.0
```

Inaonekana safi, lakini ina shimo. `__new__` hurudisha obijekti ile ile, ila Python huita `__init__` kila mara unapoandika `Mizani()`, ya kwanza, ya pili, ya mia. Fuata kinachotokea sokoni. Asubuhi karani anaweka chaga ya mbao juu ya mizani, anaipima, anaandika `uzito_wa_chaga = 12.5`. Programu inaondoa kilo hizo kila gunia likipimwa. Saa nne mtu anafungua ukurasa wa ripoti, na ndani ya ukurasa huo kuna mstari `m = Mizani()`. Obijekti ni ile ile, lakini `__init__` imepita tena na uzito wa chaga umerudi 0. Kuanzia hapo gunia la kilo 100 linasomeka 112.5. Hakuna hitilafu inayotokea kwenye skrini. Kwa kila magunia manane, mnunuzi analipia kilo 100 za mbao.

Kuna pia suala la nyuzi. Nyuzi mbili zinaweza kufika kwenye `if cls._moja is None` kabla yoyote haijaunda, na zote zikaunda. Moduli imekupa kufuli bure, hapa itabidi uiweke mwenyewe.

## Viwango: moduli, kwa masharti

Moduli inafaa kwa thamani zisizobadilika programu ikiwa inakwenda, na kwa fanksheni zisizokumbuka kitu, zile ambazo ukizipa kilo na bei zinakurudishia fedha basi. Saa za eneo, `"Africa/Dar_es_Salaam"`, ni za hapo. Majina ya mazao ni ya hapo. Fanksheni ya kukokotoa ushuru ni ya hapo, haihitaji klasi, na kuifungia ndani ya klasi isiyo na hali yoyote ni kuongeza mistari bila faida. Fedha ziweke kwa shilingi kamili, aina ya `int`, wala usiziguse na `float`.

Bei ya siku si ya hapo. Zabibu za Dodoma huvunwa misimu miwili kwa mwaka, na bei hugeuka hata ndani ya msimu mmoja. Kitu kinachogeuka hivyo ni data, kikae kwenye kanzidata kikiwa na tarehe yake. Ukikiacha kwenye moduli, utakutana na kosa hili:

```python
from viwango import BEI_ALIZETI
import viwango

viwango.BEI_ALIZETI = 1100
print(BEI_ALIZETI)     # 950
```

Wengi hudhani Python ina kasoro hapa. Haina. `from viwango import BEI_ALIZETI` huichukua thamani iliyopo wakati huo na kuipa jina jipya ndani ya faili lako. Ni sawa na mtu aliyepita sokoni asubuhi akaandika bei ya ubaoni kwenye kiganja: ubao ukifutwa na kuandikwa upya mchana, kiganja bado kinasema ya asubuhi. Kwa kitu chochote chenye uwezekano wa kugeuka, andika `import viwango` kisha `viwango.BEI_ALIZETI`, ili kila ukisoma utazame ubao wenyewe.

Sharti la pili: moduli isifungue chochote inapoingizwa. Isifungue kanzidata, isiite seva, isiguse waya wa mizani. Kila kilichoandikwa bila kuingia ndani ya fanksheni hutekelezwa kabla hata hujaamua unataka kufanya nini. Mtu anayetaka kuendesha majaribio kwenye kompyuta mpakato, hana mizani wala mtandao, atakwama kwenye mstari wa kwanza wa `import`. Hapo hapo ndipo huzaliwa pia tatizo la kuingizana kwa mzunguko, moduli A inaita B nayo B inaita A, na Python inakujibu kwamba moduli imeandaliwa nusu tu. Ujumbe wenyewe una maneno `partially initialized module`. Ukiuona, tafuta moduli inayofanya kazi nzito wakati wa kuingizwa, au toa kile ambacho A na B wote wanakihitaji ukiweke kwenye faili la tatu.

### Moduli moja inavyozaa nakala mbili

Jambo hili huwapotezea watu siku nzima. `sys.modules` husajili moduli kwa *jina*, si kwa faili. Faili moja likiingizwa kwa majina mawili, unapata moduli mbili, kila moja na vigeu vyake.

Njia ya kwanza ya kuangukia humo ni kuendesha faili la ndani moja kwa moja: `python kituo/mizani.py`. Faili hilo sasa linaitwa `__main__`. Faili jingine likiandika `import kituo.mizani`, na folda iliyo juu ya `kituo` imo kwenye `sys.path`, Python haioni jina hilo kwenye kamusi, inalisoma upya. Njia ya pili ni pale faili moja linapoandika `import mizani` na jingine `import kituo.mizani`, na folda zote mbili zimo kwenye `sys.path`.

Ndiyo sababu ule mstari wa `print` hapo juu unachapa `__name__`. Uweke juu ya faili unalolishuku, endesha programu, na ukiona majina mawili tofauti umeshampata mchawi. Dawa yake: weka faili dogo `kituo/__main__.py` ambalo hakuna moduli nyingine inayoliingiza, endesha kwa `python -m kituo`, na ndani ya kifurushi tumia jina kamili `kituo.` kila mahali.

## Mizani: klasi ya kawaida, iundwe mara moja

Mizani ina hali yake: waya uliofunguliwa na uzito wa chaga. Inaweza kuharibika, inaweza kubadilishwa. Kitu cha namna hiyo ni obijekti, si moduli. Lakini si lazima klasi yenyewe ijizuie kuwa na obijekti ya pili. Kuwa na mizani moja ni hali ya kituo chako leo, si tabia ya mizani. Msimu wa mavuno ukifika kituo kinaongeza mizani ya pili ili foleni isogee. Aliyeandika klasi ya kawaida ataongeza mstari mmoja. Aliyeandika singletoni atafumua programu nzima wakati magari yamejipanga nje.

```python
# kituo/mizani.py
import serial          # kifurushi cha pyserial

class Mizani:
    def __init__(self, poti, kasi=9600):
        self._waya = serial.Serial(poti, kasi, timeout=2, exclusive=True)
        self.uzito_wa_chaga = 0.0

    def soma_kilo(self):
        mstari = self._waya.readline().decode("ascii", "ignore")
        return float(mstari.replace("kg", "").strip()) - self.uzito_wa_chaga
```

Umbo la mstari unaotumwa na mizani hutofautiana kwa kila aina, na kasi pia. Soma kijitabu chake kabla ya kuandika `9600`. Mizani ikinyamaza sekunde 2, `readline` hurudisha kitupu na `float` inatoa `ValueError`. Iache itoe. Kosa linaloonekana ni bora kuliko gunia lililoandikwa kilo 0.

Tazama `exclusive=True`. Kwenye Linux, poti ile ile inaweza kufunguliwa mara mbili bila malalamiko, na wasomaji wawili hugawana herufi zinazopita: mmoja anapata `10`, mwingine anapata `0.5 kg`, na gunia la kilo 100.5 linaingia kwenye daftari kama kilo 10. Ukiweka `exclusive=True`, anayefungua wa pili, naye akiwa ameweka `exclusive=True`, hukataliwa papo hapo. Kwenye Windows poti kama `COM3` hukataa yenyewe. Huo ndio ulinzi wa kweli wa umoja wa mizani, kwa sababu unafanya kazi hata kati ya programu mbili tofauti. Singletoni haiwezi hilo. Mipaka yake inaishia kwenye mchakato wake.

Obijekti iundwe mahali pamoja tu:

```python
# kituo/__main__.py
from kituo.mizani import Mizani
from kituo.mapokezi import Mapokezi

def main():
    mizani = Mizani("/dev/ttyUSB0")
    Mapokezi(mizani).anza()

if __name__ == "__main__":
    main()
```

`Mapokezi`, klasi inayopokea magunia na kutoa risiti, hajui mizani imetoka wapi. Kwa hiyo kwenye majaribio unampa ya bandia:

```python
class MizaniYaBandia:
    def __init__(self, kilo):
        self.kilo = kilo

    def soma_kilo(self):
        return self.kilo

def test_gunia_la_alizeti():
    risiti = Mapokezi(MizaniYaBandia(100)).pokea("alizeti")
    assert risiti.kilo == 100
```

Hapa ndipo singletoni inapouma kuliko pengine popote. Jaribio la kwanza likiacha uzito wa chaga 12.5 ndani ya obijekti ya pekee, jaribio la pili linaikuta hivyo hivyo. Ukiendesha majaribio kwa mpangilio mmoja yanapita, ukigeuza mpangilio yanaanguka. Moduli yenye vigeu vinavyobadilika ina ugonjwa huo huo, neno kwa neno.

Pengine utasema kuikabidhi mizani kupitia fanksheni sita ni usumbufu. Ni kweli. Mara nyingi usumbufu huo unaonyesha kwamba fanksheni nne kati ya hizo zilihitaji kilo tu, si mizani. Wape kilo. Ikibaki bado nzito, kuna njia ya katikati ambayo naipendekeza kuliko singletoni ya `__new__`:

```python
from functools import cache

@cache
def mizani_kuu():
    return Mizani("/dev/ttyUSB0")
```

Obijekti huundwa siku inapohitajika, si wakati wa `import`, na anayeita baadaye hupewa ile ile. Kwenye majaribio unaifuta kwa `mizani_kuu.cache_clear()`. Tahadhari moja: nyuzi mbili zikiita kwa mara ya kwanza kwa wakati mmoja, fanksheni inaweza kutekelezwa mara mbili. Iite mara moja ndani ya `main()` kabla hujaanzisha nyuzi, na tatizo halipo.

## Namba za risiti: nenda kanzidata

Kigeu `namba = namba + 1`, kiwe ndani ya moduli au ndani ya singletoni, kinaishi kwenye kumbukumbu ya mchakato mmoja. Kwenye kompyuta yako mchakato ni mmoja, kwa hiyo hutaona kosa. Ukipeleka kwenye seva na kuendesha `gunicorn -w 4` (Gunicorn ni programu ya kuendeshea tovuti za Python), michakato ni minne na kila mmoja una "obijekti ya pekee" yake. Wakulima wanne wataondoka na risiti namba 1. Umeme ukikatika Dodoma mchana kati, kumbukumbu inafutika na hesabu inaanza upya.

Kama mianya kwenye namba haidhuru, funguo ya kujiongeza ya kanzidata inatosha. PostgreSQL huacha mwanya muamala (maandishi ya kanzidata yanayokamilika yote kwa pamoja au yasikamilike kabisa) unapoghairiwa, na hilo ni la kawaida. Kama mkaguzi anataka namba zifuatane bila pengo, weka jedwali la kihesabu na uliguse ndani ya muamala ule ule unaoandika risiti:

```sql
UPDATE kihesabu SET namba = namba + 1
WHERE kituo = 'kibaigwa'
RETURNING namba;
```

Kwenye PostgreSQL safu hiyo hufungwa hadi muamala ukamilike, hivyo karani wa pili anasubiri kidogo tu, na muamala ukighairiwa namba inarudi. `RETURNING` ipo PostgreSQL na pia SQLite kuanzia toleo 3.35. Ongeza sharti la `UNIQUE` kwenye safuwima za kituo na namba kwa pamoja ili marudio yakikosewa popote yakataliwe.

Kiunganishi cha kanzidata nacho usikiweke juu ya moduli. Cha `sqlite3` kikiguswa na uzi ambao haukukifungua hutoa `ProgrammingError`. Cha PostgreSQL kikifunguliwa kabla Gunicorn haijagawa michakato, kama inavyotokea ukitumia `--preload`, michakato yote inaandika kwenye bomba moja na majibu yanachanganyika. Kila mchakato ufungue chake, au tumia hodhi ya viunganishi (akiba ya viunganishi vinavyoazimwa na kurudishwa) iliyoundwa baada ya mgawanyo.

## Singletoni inapostahili

Zipo. `None` ni obijekti pekee ya aina yake, na ndiyo maana tunaandika `is None`. `logging.getLogger("kituo")` hukurudishia obijekti ile ile kila ukiita kwa jina hilo. Angalia lakini ilivyojengwa: ni fanksheni ya moduli yenye daftari nyuma yake, wala haikuchezea `__new__`. Ukihitaji kitu cha kipekee chenye urithi au sifa za kukokotolewa, vitu ambavyo moduli haiwezi vizuri, fuata mtindo huo. Acha muundaji wa klasi huru, weka upekee pembeni:

```python
import threading

_kufuli = threading.Lock()
_daftari = {}

def pata_mizani(poti):
    with _kufuli:
        if poti not in _daftari:
            _daftari[poti] = Mizani(poti)
        return _daftari[poti]
```

Sasa upekee ni kwa kila poti, na mizani ya pili inaingia bila ugomvi.

Lugha nyingine zina desturi zake. Java haina fanksheni zinazosimama nje ya klasi, hivyo singletoni ni ya kawaida zaidi. Ukilazimika, `enum` yenye kipengele kimoja ndiyo salama. Kotlin ina neno `object` linalokufanyia yote. JavaScript hutekeleza moduli mara moja kwa kila anwani, kwa hiyo `./bei.js` na `./bei.js?v=2` ni moduli mbili; na tofauti na Python, jina ulilolipata kwa `import` hufuata mabadiliko yanayofanywa ndani ya moduli. Kwenye PHP ya kawaida kila ombi huanza upya, singletoni yako inakufa ombi likiisha.

## Kuiondoa singletoni iliyokwisha kuwepo

Usifumue kwa siku moja, hasa programu ikiwa kazini. Tafuta kwanza inakoitwa: `grep -rn "Mizani()" kituo/`. Kila fanksheni au klasi utakayoikuta, iongezee kigezo `mizani=None`, na ndani uandike `if mizani is None: mizani = Mizani()`. Tabia ya programu haijabadilika bado, na unaweza kuipeleka hivyo hivyo. Kisha anzia `main()` ukishuka chini, ukikabidhi obijekti ile moja hatua kwa hatua na kuendesha majaribio kila hatua. Mahali ambapo kila mwitaji ameshakabidhi, toa `=None` na ule mstari wa `if`.

Mwisho futa `__new__` na `_moja`, fanya `poti` kuwa kigezo cha lazima, na weka `exclusive=True`. Mwitaji yeyote uliyemsahau ataandika `Mizani()` bila poti na kupata `TypeError`, au atataja poti na kukataliwa na mfumo wa uendeshaji. Vyovyote, utamjua siku ya majaribio, kabla gunia halijapanda.